Kabla hujacheka picha za studio, uliza nani alikatwa

Mwaka jana nilifanya video moja ikatembea kuliko zote nilizowahi kuweka. Nilitoa albamu yetu sebuleni, hapa Burumba, ile ya kava nyekundu yenye kurasa za kunata, nikapiga picha moja moja kwa simu, nikaweka muziki na maneno ya kuchekesha. Unazijua hizo picha, hata kwenu zipo. Mzee amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege, mkono mfukoni, kama abiria amechelewa. Mama ameshika simu ya mezani ambayo waya wake hauendi popote. Mjomba amechuchumaa kando ya redio kubwa ya kaseti, ameikumbatia kama mtoto wa kwanza. Maua ya plastiki. Maporomoko ya maji yaliyochorwa na mtu ambaye ni wazi hajawahi kuyaona.

Watu walicheka, mimi nikacheka, komenti zikajaa. Mathe akaiona kwa simu ya jirani. Hakukasirika hata. Aliniuliza tu, "Unacheka nini? Hiyo suti ya mjomba wako ilikuwa ya mwenye studio. Ulikuwa unalipa, unavaa, ukimaliza unatoa, mwenye anangoja nyuma yako naye anavaa." Halafu akarudi jikoni kugeuza chapati.

Hayo maneno yalinikaa. Nikawaza: kumbe kwenye hizo albamu za mtaa wetu kuna wanaume ishirini ndani ya suti moja, na hakuna hata mmoja alikuwa anadanganywa. Mwenye picha alijua. Mpiga picha alijua. Waliokuja kutembea na kuonyeshwa albamu walijua, kwa sababu hata wao waliivaa hiyo suti. Sasa sisi tunacheka nini haswa?

Posti ya leo ni ya kuomba msamaha kidogo na kubishana zaidi. Nasema tumekosea kuita hizo picha ushamba. Na nasema kuna kitu kwa hizo albamu cha kuumiza kuliko suti ya kuazima, lakini hicho nitafika.

Kwanza twende Uingereza miaka ya 1860. Msiogope, hakuna anayeombwa viza.

Picha zilipoanza zilikuwa za bei, na za aina nyingi hazikuwa na nakala. Halafu 1854, Mfaransa anaitwa Disdéri akasajili mbinu ya kupiga picha kadhaa ndogo kwa bamba moja la kioo. Unasafisha, unakata, unabandika kila moja kwa kadi ndogo ya kama sentimita 6 kwa 10. Bei ikaanguka. Mwaka wa 1860 mpiga picha wa London, John Mayall, akakubaliwa kuuza picha za Malkia Victoria na familia yake. Moto ukawaka. Karani, mwalimu, mwenye duka, wote sasa wangeweza kuingia dukani na kutoka na sura ya Malkia mfukoni. Kisha wangeenda studio na kupigwa yao wenyewe, kadi ya ukubwa uleule, pozi ileile. Mume wa Malkia, Prince Albert, alipokufa Desemba 1861, picha zake ziliuzwa kwa maelfu.

Zikatengenezwa albamu za kuweka hizo kadi: kava la ngozi, ukingo wa dhahabu, kifungo cha chuma, ukiiona unadhani ni Biblia ya familia. Iliwekwa mezani sebuleni ili mgeni aipitie akingoja chai. Na ndani yake? Wengi walifungua na Malkia na watoto wake, wakafuata wakubwa wa nchi, halafu ndio ukaja ukoo wao. Soma hiyo tena pole pole. Mtu ambaye hajawahi kuona lango la ikulu amemweka Malkia ukurasa wa kwanza na mama yake mzazi ukurasa wa tano. Halafu wewe unamcheka binamu yako kwa kujibandika kando ya msanii kwa kutumia programu ya simu!

Na mapazia yalikuwepo. Studio za London zilikuwa na bustani zilizochorwa kwa kitambaa, na nguzo za mtindo wa Kigiriki ambazo ukiegemea vibaya mnaanguka pamoja. Karani aliegemea nguzo asiyokuwa nayo kwake. Ile nguzo na ile ndege ya Mzee ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa hapa ndipo inanoga. Jiweke kwa viatu vya tajiri wa kweli, mtu wa mashamba na vyeo vya kurithi. Kwa miaka mingi sura yako iliyochorwa kwa mafuta na kutundikwa ukutani ndiyo ilisema wewe ni nani. Ghafla karani wa benki ana picha kama yako. Anaegemea nguzo kama yako. Amemweka Malkia ukurasa wa kwanza, kama wewe. Utajitofautisha vipi?

Wanawake wa tabaka la juu walichukua makasi. Si mzaha. Walikata watu kutoka kwa zile kadi, wakachora kwa rangi za maji vyumba, bustani, miavuli, vipepeo, kisha wakabandika watu ndani. Anayejulikana zaidi ni Mary Filmer, wengi wanamwita Lady Filmer. Ukurasa wake mmoja unaonyesha sebule yake. Amesimama katikati karibu na meza, kwenye meza kuna gundi na albamu zake. Karibu naye ni Mwana wa Mfalme, Prince of Wales, yule aliyekuja kuwa Edward wa Saba. Walikuwa wanataniana na kupeana picha. Na mumewe? Mumewe amekaa pembeni, mdogo, karibu na mbwa.

Mimi nilipoona hiyo picha nilicheka hadi nikaanguka kitandani. Dada alifanya mwaka wa 1860-na-kitu kile ambacho watu wanafanya sai wakitaka mtu fulani aone. Mwingine, Kate Gough, alibandika sura za wanawake kwa miili ya bata wanaoogelea. Albamu yake iko jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Ya Georgina Berkeley iko Musée d'Orsay, Paris. Mwaka wa 2009 jumba la sanaa la Chicago lilifanya maonyesho mazima ya kurasa kama hizi, baadaye yakaenda New York.

Lakini usiishie kwa kicheko. Angalia akili iliyotumika. Kuchora kwa rangi za maji kulihitaji masomo na muda, na muda mwingi wa mchana alikuwa nao mtu ambaye hafui nguo zake wala kupika. Zile picha za marafiki hazikununuliwa dukani, ulipewa na mwenyewe mkononi. Kwa hivyo albamu ilimwambia mgeni: karani anaweza kumnunua Prince, lakini mimi Prince alinipa picha, na nimempanga nitakavyo sebuleni kwangu. Picha ilipokuwa rahisi, heshima ilihama. Ikatoka kwa kuwa na picha, ikaenda kwa nani amekaa kando ya nani, na nani ameshika makasi.

Hii ndiyo hoja yangu, na ukitaka kubishana tubishane hapa. Albamu haikuwa kumbukumbu tu. Ilikuwa madai. Familia ilikuwa inasema "sisi ni hawa," na kusema "sisi ni hawa" lazima kuna mtu umemuacha nje. Kwenye albamu za aina hiyo, mara nyingi, waliopika hiyo chai ya mgeni hawana ukurasa.

Sisi nasi tuko hapo hapo. Leo kila mtu Burumba ana kamera, mpaka mtu wa boda anayengoja abiria wa kuvuka. Picha peke yake haimshtui mtu. Kinachoshtua ni nani mko naye, meza ya wapi, gari la nani. Angalia stetasi za Desemba watu wakirudi kutoka Nairobi. Familia yote imepangwa mbele ya ile nyumba mpya, ya matofali, na choo cha mabati kimekatwa nje ya fremu. Dada wa kazi aliyelea watoto wote wawili ndiye amepiga picha. Miaka ishirini ijayo mtoto ataangalia hiyo picha na hatamjua mtu aliyekuwa anamwogesha.

Afrika Mashariki haikujifunza huu mchezo juzi. Sultani Barghash wa Zanzibar alizuru London 1875 na akapigwa picha kule na watu wake, kilemba, joho, jambia. Hakuhitaji kuambiwa picha inafanya kazi gani. Baadaye Zanzibar kukawa na studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, ikapiga picha za ikulu na za watu wa kawaida mitaani. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, na huyu ndiye ninayempenda zaidi. Alikuwa anakata na kubandika sura za wateja, mtu anatokea ndani ya ua. Kazi ileile ya Lady Filmer, lakini kwa mtu wa mjini aliyelipa kwa shilingi zake.

Na Mombasa, pale Likoni karibu na feri, kulikuwa na wapiga picha wa vibanda. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliofuata kazi pwani. Walisimama mbele ya meli zilizochorwa na maghorofa ya rangi, kisha picha ikatumwa nyumbani. Fikiria ikifika kijijini, mama anaishika. Hiyo picha inasema, "Sijapotea. Ninakula. Msinihesabu na walioshindwa." Ikiwa alikuwa analala sita kwa chumba kimoja, hilo lilikuwa jambo lake na godoro lake.

Kuna sababu nyingine ambayo inafanya nikatae kabisa kuwacheka. Kabla ya watu wetu kwenda studio kwa hiari, karatasi ya kwanza iliyowaeleza wao ni nani hawakuiandika wao. Karibu 1920 serikali ya kikoloni ilianza kutekeleza kipande kwa wanaume Waafrika. Kilikuwa na jina, kabila, mwajiri, mshahara, na alama za vidole. Kiliwekwa kwa kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Sasa weka vitu viwili mezani. Bwana mkubwa ana albamu ya ngozi, amechagua pozi, amechagua jirani wa ukurasa. Babu wa babu yangu ana kikopo, na kilichomtambulisha ni dole gumba. Mjukuu wake alipoingia studio, akaazima suti, akasema "nipige na huyu kando yangu," hiyo ilikuwa mara ya kwanza karatasi inasema alichotaka iseme.

Hapa mpakani hilo si jambo dogo. Mpaka wa 1902, serikali ilivyogawa, huku kwetu kote kulikuwa Uganda. Kisha mstari ukasogezwa, na Wasamia na Wateso wakajikuta wako pande mbili bila kuhama hata hatua moja. Kwa miaka mingi ukienda kuomba kitambulisho ulikuwa unaulizwa babu yako alikuwa wa wapi, kana kwamba babu alikuwa mti. Kwa hivyo sisi wa Busia na Malaba tunajua uzito wa swali la "wewe ni wa nani". Na tunajua pia jinsi ya kulijibu kwa kuficha nusu ya jibu.

Haya, sasa kile nilisema nitafika.

Tulizika babu, baba yake mzee wangu, miezi michache baada ya ile video. Kazi ya programu ya mazishi nikapewa mimi, kwa sababu kwa familia ukijua kutumia simu wewe ndiye mbunifu, mpiga picha, fundi wa sauti na kila kitu. Shangazi akaleta picha. Za uzee zilikuwa nyingi, lakini ya ujana ilikuwa moja tu: nyeusi na nyeupe, babu wa miaka ishirini na kitu, suti (sasa najua ya nani), amesimama wima, mkono mmoja umelala juu ya mgongo wa kiti.

Picha ilikuwa nyembamba ajabu. Upande wa kushoto ulikuwa umekatwa kwa makasi, wima, hata si vizuri. Kiti kilibaki nusu. Na pale kwa mkono wa kiti palikuwa na kiwiko cha mtu na mkono wenye saa. Hakikuwa cha babu. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio ya Tororo umefifia, na mwaka kwa wino: 1969.

Nikauliza, "Huyu ni nani?" Shangazi akasema, "Weka tu ya babu." Nikamwangalia kukhu. Kukhu alikuwa anachambua mboga.

Nifanye niseme ukweli wote. Sikuuliza mara ya pili. Nilifungua programu ya simu, nikapitisha kidole juu ya kile kiwiko, na katika sekunde chache hakikuwepo. Kiti nacho kikaenda. Nikaweka nyuma anga ya buluu yenye mawingu, ile kila mtu anaweka. Babu akabaki peke yake, kijana, mkono wake umelala juu ya hewa. Tulichapisha nakala mia mbili. Nikaiweka pia kwa stetasi, na watu wakanipongeza jinsi nimeisafisha.

Usiku wa siku ya pili baada ya mazishi nikapata ujumbe kutoka kwa namba ya Uganda. Kijana ninayemjua kwa sura tu, tumekutana mara mbili upande wa pili kwa mambo ya matanga. Alituma picha ya picha, imepigwa juu ya meza, kivuli cha simu yake kinaonekana. Ilikuwa ileile: pazia lile, suti ile, mkono ule juu ya kiti. Ila hii ilikuwa nzima. Kwenye kiti ameketi mwanamke kijana, gauni la shingo ya duara, mkoba umekaa juu ya magoti, saa mkononi, na anaangalia kamera kama mtu anayejua bei ya kila kitu hapo ndani. Chini akaandika maneno manne: "Mbona mumemtoa kukhu wetu?"

Nilikaa na hiyo simu mkononi muda mrefu. Studio ilitoa nakala mbili, unaona. Moja ikaja huku, moja ikabaki kule. Huku mtu alichukua makasi miaka mingi iliyopita, kwa sababu zake, na siwezi kumhukumu, sikuwepo. Lakini makasi yalikuwa yameacha kiwiko. Kwa miaka yote hiyo kile kiwiko kilikuwa kinatuambia kuna mtu. Aliyemfuta kabisa ni mimi. Hata sikumjua, sikumchukia, nilikuwa nataka tu ikae safi.

Na negativu ya picha hiyo usiitafute. Studio nyingi za miji hiyo ya Uganda zilikuwa za Waasia, na Idi Amin alipowafukuza Agosti 1972, akiwapa siku 90, maduka yalibadilisha mikono au yakafungwa. Ya kwetu sijui masanduku yake yaliishia jaa gani. Kilichobaki ni karatasi mbili, moja imekatwa. Kama yule kijana hangekuwa na ile nyingine, mama mzima angeishia kuwa "kitu kilichokuwa kinaharibu picha".

Hapo ndipo niliacha kuona kama stori ya Lady Filmer ni ya kuchekesha tu. Kichekesho chake kina jina lake, mwaka wake, hata jina la mbwa pengine wataalamu wanalijua. Watu wanaulizana kwa nini mumewe ni mdogo. Sisi picha zetu hazijaulizwa swali hata moja, zimewekewa muziki tu. Na zile ambazo wageni walitupiga zimehifadhiwa vizuri kuliko zetu. Chuo kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960, na unaweza kuziangalia bure kwa simu. Ziangalie. Kwenye albamu za wakati huo mzungu mara nyingi ana jina, mbwa wake wakati mwingine ana jina, na wanaume wanane waliobeba mizigo wanaitwa wabeba mizigo.

Uganda kuna watu walioanza kitu kizuri 2011, History in Progress Uganda. Wanakusanya picha za zamani za familia na studio, wanaziweka mtandaoni, na watu wanakuja kwenye komenti kusema huyu ni fulani, hapa ni mahali fulani. Upande wetu wa mpaka sisi tunasubiri nini? Mzee akifa tunakimbilia albamu kutafuta ya kuweka kwa programu, tunakuta sura kumi na hatujui hata tatu, na aliyezijua ndiye yuko kwenye jeneza.

Najua mtu ataniambia, "Buda, mambo mengine ya familia yalikatwa kwa sababu. Usifukue." Nimekubali nusu. Kuna picha zilikatwa kwa uchungu wa kweli, mwanamke aliyepigwa, mtoto aliyenyimwa, na anayeshika hayo makasi ana haki yake. Siwaambii mchukue simu mkaanze kuwahoji wazee mkiwa moja kwa moja hewani. Nasema tu kuna tofauti ya mtu anayekata akijua anakata nani, na mtu kama mimi anayefuta kwa sababu inakaa vibaya. Yule wa kwanza ana deni na mtu mmoja. Wa pili hata hajui anadaiwa na nani.

Wiki iliyofuata nilimpelekea kukhu simu. Nilingoja tukiwa wawili, nje, ameketi kwa ule mkeka wake. Sikusema kitu, nilimpa tu. Aliishika mbali na macho kama wanavyofanya, akaisogeza, akaikuza kwa vidole viwili, sijui alijifunza lini. Aliangalia kwa muda hadi skrini ikazima. Nikaiwasha tena.

Akasema, "Hiyo saa walinunua sikukuu ya Krismasi." Halafu akasema nimletee chai.

Yule kijana wa Uganda sasa tunaongea. Aliniuliza kama nitaitengenezea video, ile sura nzima na ile ya kukatwa kando kwa kando, akasema itatembea. Ingetembea, najua. Nimemwambia hapana. Nimeenda tu kuichapisha kwa karatasi ngumu pale cyber, nikaibandika kwa albamu nyekundu, ukurasa uleule. Ile iliyokatwa sijaitoa, ziko pamoja. Nyuma nimeandika majina mawili kwa biro na mwaka. Jina la mama wa kwenye kiti ilibidi nimpigie kijana simu usiku, anitajie herufi moja moja, kwa sababu nililikosea mara mbili.